Mama Mashua na Mbao Zilizokauka

Jumamosi, tarehe kumi na saba Oktoba, nilikuwa uani kwangu Kiomboi nikipepeta mtama, mdogo wangu wa kiume alipoingia akitokea Singida mjini, alikokwenda kuuza vitunguu. Aliomba maji, akanywa nusu kikombe, kisha akasema kama mtu anayetoa habari ndogo:

"Dada, Mama Mashua yupo hai. Anakaa Mwankoko na binti yake. Amekuulizia."

Niliendelea kupepeta mtama uliokwisha kuwa safi. Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nimejizoeza kuamini kwamba mama yule amefariki. Hakuna aliyeniambia hivyo, ila imani hiyo ilinifaa. Mashua yake iliharibika kwa kosa langu, na lawama akaibeba yeye. Nilijua, nikanyamaza. Maadamu nilimhesabu miongoni mwa wafu, sikuwa na wa kumwambia ukweli. Sasa alikuwa umbali wa safari moja ya basi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru, na kijiji chetu kilikuwa chini ya milima ya Iramba, kando ya Ziwa Kitangiri. Ziwa lile halikai mahali pamoja. Mvua zikinyesha hupanda hadi mpakani mwa mashamba. Kiangazi hurudi nyuma na kuacha tope pana linalopasuka vipande vipande. Mume wa Mama Mashua alikuwa fundi wa vyombo kutoka upande wa Mwanza. Aliijenga mashua yake pale pale ufukweni, kwa mbao zilizoletwa na lori, ili asafirishe magunia ya samaki wakavu kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwa kuwa walikuwa wageni wasio na kiwanja, waliishi ndani yake, wao na binti yao wa miaka minne. Mwezi wa sita maji yalipoanza kurudi, wanaume wa kijiji waliivuta juu kwa kamba na magogo, wakaiegemeza kwa miti pande zote mbili, isubiri mvua. Watu walidhani familia itashuka iombe chumba. Haikushuka. Waliweka ngazi ubavuni, wakafunga paa la mikeka, wakaendelea kuishi juu ya chombo kisichokwenda popote.

Jina halisi la Mama Mashua nililijua, lakini pale kijijini hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia hapa.

Jambo la kwanza ambalo mgeni alijifunza ni kwamba mashuani hapakuingiwa hivi hivi. Ulisimama chini, ukagonga ubao mara mbili, ukasema hodi. Ukikaribishwa, ulivua viatu, ukapanda, na mguu wako wa kwanza ulipogusa sakafu yeye aliuliza, "Umepanda salama?" kana kwamba kulikuwa na mawimbi. Maji ya kuoshea vyombo aliyamwaga upande mmoja tu, na kabla ya kumwaga alipiga kelele, "Maji!" Mbuzi wetu walikwisha kuizoea kelele hiyo, wakawa wanahama wenyewe. Mama yangu, aliyekuwa mtu wa kucheka kwa shida, aliwahi kumwuliza kutoka chini, "Sasa unamwonya nani, mwenzangu? Huku hakuna samaki."

"Nawaonya ninyi," alijibu. "Samaki wana akili, hukwepa wenyewe."

Umbeya hakuupenda, ingawa aliusikiliza hadi mwisho. Ukimletea habari ya fulani kugombana na fulani, alikuacha umalize, akauliza maswali mawili matatu ya kutaka ufafanuzi, kisha akahitimisha, "Hizo ni habari za nchi kavu," na mazungumzo yakafungwa. Neno hilo lilienea. Hata baba yangu alianza kulitumia katika vikao vya ukoo.

Nakumbuka karani wa mtemi alipokuja kuandikisha kaya kwa ajili ya chanjo ya ndui. Alisimama na daftari lake chini ya mashua, akaegemea ubao, akauliza, "Nyumba yako iko wapi, mama?"

"Umeiegemea."

"Hiki ni chombo."

"Basi andika chombo."

"Hapa pameandikwa nyumba. Siwezi kuandika chombo mahali pa nyumba."

"Je, ndui itaniuliza nakaa kwenye nini?"

Karani aliandika kitu ambacho hakuna aliyekiona, na siku ya chanjo Mama Mashua aliitwa wa kwanza.

Hakuna aliyefanana naye. Lakini nisije nikampamba. Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Kila mpango wake ulianza kwa maneno "Tukiingia majini": tukiingia majini nitanunua sufuria kubwa, tukiingia majini mtoto atanenepa. Na bado aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na mumewe alinisimulia kwa kicheko kwamba ziwani alishika ubao kwa mikono miwili toka mwanzo wa safari hadi mwisho, akimtukana yeye, upepo na aliyebuni samaki. Alisema mwezi wa kwanza wanaondoka, lakini alipanda maboga kuizunguka mashua yote, nayo yakatambaa juu ya miti ya kuegemeza hata fundi akalalamika kwamba chombo chake kimeota majani. Watoto wa wengine aliwakanya kusema uongo kwa ukali ulionitisha. Baadaye niliona yeye mwenyewe akisema uongo, mchana kweupe, kwa ajili yangu.

Alinichukua kama mdogo wake. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule ya kati ya wasichana, nikisubiri barua ya chuo cha ualimu. Barua ilichelewa. Baba alikuwa amekwisha kupokea wageni waliokuja na maneno ya ndoa, akawaambia warudi baada ya mavuno. Nyumbani hakuna aliyethubutu kumpinga. Mama Mashua alithubutu, kwa njia yake. Alikuja jioni moja na boga kichwani, akamsalimu kwa heshima zote, akakaa chini kwenye ngozi, akasema:

"Mzee, ukimwoza binti huyu utapata ng'ombe, sikatai. Lakini ukimsomesha utapata mtu wa kukusomea barua za serikali bila kuziongezea chumvi. Yule karani wenu, hivi unamwamini?"

Baba hakumwamini karani hata kidogo. Alicheka, akasema tutaona. Tangu siku hiyo, kila alipoanza kuyumba, Mama Mashua alirudi na boga lingine. Kwangu mimi alianza kuniita mwalimu, mbele za watu, kabla sijapata hata hiyo barua, na kila aliponiita hivyo nilimwona baba akitazama pembeni.

Hapo sasa nifike kwenye magunia.

Mbao za mashua zikikaa nchi kavu hunywea, na kati ya ubao na ubao hufunguka mianya. Kwa hiyo Mama Mashua alizining'inizia magunia pande zote mbili, na kila asubuhi na jioni aliyamwagia maji mpaka yakadondoka. Ilikuwa kazi yake, si ya mwingine. Mumewe alikuwa mtu mpole katika mambo yote ila hilo: hakutaka mkono wa mgeni uguse chombo chake. Kadiri kiangazi kilivyozidi, ziwa lilirudi nyuma, na njia ya kwenda kuchota ikawa ndefu zaidi kila juma. Alikwenda na debe kichwani, akarudi, akamwaga, akaenda tena. Akimaliza alipitisha kiganja juu ya ubao kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Mwezi wa kumi, fundi akiwa amekwenda Mwanza kutafuta kitambaa cha tanga, mtoto aliugua. Homa haikushuka siku tatu. Mama Mashua alimfunga mgongoni alfajiri, akanikuta nikifagia, akaniambia, "Mwalimu, nampeleka Kiomboi hospitali. Nimwagilie magunia. Asubuhi na jioni. Usimwambie mtu, maana mume wangu akisikia atakasirika."

"Sawa, mama. Nenda tu."

Siku tano za kwanza nilifanya. Siku ya sita jua lilikuwa kali na ziwa mbali, nikaenda jioni tu. Siku ya nane sikwenda kabisa. Siku ya kumi nilipita kutazama, nikaona mwanya ubavuni unaopitisha ukucha wangu. Nimejaribu mara nyingi kuandika kilichofuata kwa namna inayonisitiri, nikashindwa. Nilisimama pale na debe tupu, nikafikiri: mashua isipokuwa tayari mwezi wa kwanza, hawaondoki. Wasipoondoka, Mama Mashua atakuwepo mpaka barua yangu ije. Nilirudi nyumbani na debe langu. Sikulipeleka tena ziwani kwa ajili yake.

Walikaa Kiomboi wiki tatu. Siku niliposikia wanarudi nilikimbia nikayalowesha magunia yote, mara moja, mpaka ardhi ikawa tope. Alifika amekonda, mtoto akitembea kwa miguu yake. Kabla hajapanda ngazi alipitisha kiganja juu ya gunia lililolowa.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, mama. Asubuhi na jioni."

Alinishika shavu. Mkono wake ulinuka dawa ya hospitali.

Alirudia kazi yake, lakini mbao zilizokwisha kunywea kiasi kile hazirudi kwa magunia ya mwezi mmoja. Fundi alirejea mvua zikiwa zimeanza, maji yakipanda kwa kasi, mwenye lori la kubeba samaki akimhimiza. Alipaswa kuiacha mashua ilowe taratibu kabla ya kuiziba. Badala yake alishindilia pamba na lami kwenye mianya kwa nyundo, siku mbili mchana kutwa. Nimeambiwa baadaye, na mtu anayejua kazi hiyo, kwamba kosa lile nalo lilikuwa kubwa. Nakubali. Lakini asingekuwa na mianya ya kushindilia kama mimi ningechota maji.

Siku ya kuishusha kijiji kizima kilikuwepo. Ilielea. Wanawake walipiga vigelegele, na Mama Mashua, akiwa amekaa ndani na mtoto mapajani, alishika ubao kwa mikono miwili kama kawaida yake, akacheka. Kisha mbao zilianza kunywa maji na kuvimba. Hazikuwa na nafasi ya kuvimbia, kwa sababu ya pamba ile iliyoshindiliwa, zikajisukuma zenyewe hadi misumari ikang'oka. Tulisikia mlio, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekufa, maji yalifika kifuani tu, na wanaume waliwatoa. Unga, mikeka, nguo na kitambaa kipya cha tanga vilielea huku na huku kati ya majani ya maboga yaliyofunikwa na ziwa.

Fundi alisimama majini akiwa ameshika kipande cha ubao, akauliza mbele ya watu wote, baba yangu akiwemo:

"Nani alikuwa akimwagilia?"

"Mimi," alisema Mama Mashua.

"Ulikuwa Kiomboi."

"Kabla sijakwenda, na baada ya kurudi."

"Na katikati?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Hakunitazama.

"Katikati hapakuwa na mtu."

Alidhani anadanganya kwa ajili yangu, kumbe alikuwa akisema kweli tupu. Fundi alimtazama yeye, akamtazama mtoto aliyekuwa akitetemeka begani kwake, akasema taratibu, "Basi ulichagua." Mwezi uliofuata alipanda lori kurudi Mwanza kutafuta kazi kwa watu, na hakurudi tena.

Barua yangu ilikuja juma la pili baada ya hapo. Nilikwenda chuo. Niliporudi likizo, Mama Mashua alikuwa amehama na mtoto wake, na wenyeji walikuwa wamezichukua mbao zilizobaki kufanyia milango.

Nilikwenda Mwankoko Jumamosi iliyofuata ile niliyoitaja mwanzoni. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta amekaa uani juu ya mkeka, akibangua karanga kwa vidole, macho yamefifia. Nilimpa shikamoo, nikajitaja.

"Marahaba, mwalimu!" Alinivuta kwa mkono, akanipapasa uso. "Umenenepa. Chakula cha serikali kizuri."

"Ni umri, mama, si serikali."

"Hizo ni habari za nchi kavu. Kaa hapa."

Binti yake alitoka ndani na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya thelathini, mrefu, mwenye kicheko cha mama yake na kikohozi kilichomfanya ashike ukuta. Nilimwuliza kama ametibiwa.

"Mimi nisipelekwe hospitali, dada," alisema akicheka. "Mimi nikipelekwa hospitali, kitu huzama. Hawajakusimulia? Mimi ndiye niliyezamisha mashua ya baba."

"Nyamaza, wewe," mama yake alisema.

"Si ndivyo baba alivyosema? Alisema ulichagua." Alikohoa tena, akaingia ndani.

Mama Mashua aliendelea kubangua karanga. "Anatania," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini hutania hivyo tangu akiwa mdogo. Ana kikohozi hicho tangu mvua za mwaka jana. Nikimwambia twende Kiomboi ananijibu hayo hayo. Nimechoka kumbembeleza." Kisha akaongeza: "Sikukutaja siku ile, kwa sababu baba yako alikuwepo. Angesema binti mzembe aende chuo kufanya nini? Na wewe hukuwa mzembe. Ulimwagilia, najua, uliniambia mwenyewe. Ndiyo maana nimefikiri miaka yote hii bila kupata jibu. Mbao zilikosa nini? Naona labda zilizoea mkono wangu. Labda sikupaswa kuondoka."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari. Niliyahisi mdomoni. Binti alikuwa akikohoa ndani, mama yake akinielekezea uso usioniona vizuri, ukiwa na imani ile ile aliyonishikia shavu. Nikasema, "Maji ya ziwa lile yalikuwa mabaya, mama."

"Labda," alisema.

Nilikunywa chai. Nilimpa kitenge nilichomletea. Nilipanda basi la saa tisa kurudi Kiomboi.

Wiki tatu nilijaribu kurudi nikashindwa, na mwishowe nikafanya kitu kinachofanywa na watu wa kalamu wanapokosa ujasiri wa mdomo. Barua niliyoituma ni hii, nami nainakili nzima, ili asiwepo mtu atakayedhani kwamba niliipunguza.

Kiomboi, tarehe 14 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na binti yako, na nimeiandika nikilijua hilo. Namwomba asiruke mstari.

Sikumwagilia magunia. Nilimwagilia siku tano, na ya sita nikamwagilia jioni tu. Baada ya hapo nilikwenda kutazama, nikaona mwanya, nikajua maana yake, nikaondoka. Siku mliporudi niliyalowesha asubuhi ile ile, nikakudanganya. Nilitaka msiondoke mpaka barua ya chuo ije, kwa sababu wewe peke yako ulikuwa unanitetea. Ulinitetea hata siku ile majini, na mimi nilisimama pembeni yako nikakuacha.

Mbao hazikukosa mkono wako. Zilikosa maji ambayo mimi niliahidi kuzipa. Ulifanya sawasawa kuondoka. Mama yeyote angeondoka.

Fundi aliambiwa habari isiyo kweli, na kosa ni langu. Sijui kama yu hai. Kama yu hai, niambie alipo, nitamwandikia maneno haya haya kwa mkono huu huu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Ukitaka nisipande ngazi ya nyumba yako, nitasimama nje.

Na wewe unayesoma, mdogo wangu: ulikuwa na miaka minne na ulikuwa na homa. Hukuzamisha chochote. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu, nikakuachia wewe mzigo huo ukue nao. Nimezungumza na tabibu hapa Kiomboi, anapokea wagonjwa wa kifua Jumatatu na Alhamisi. Nitalala kwenu Jumamosi hiyo mkiniruhusu, na msiponiruhusu nitalala mjini, na Jumatatu alfajiri nitakuwa kituo cha basi nikikusubiri. Njoo.